Siku Mreno Aliposhiba

Sisi tuliokulia Durban kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watoto tulikuwa kabila letu wenyewe. Wazazi wetu walitoka Nakuru, Tanga, Lubumbashi na Bukavu, kila mmoja na sanduku lake na vyeti vyake ambavyo hakuna aliyetaka kuviona, wakapanga kwenye ghorofa za Berea zenye lifti mbovu, wakatuzaa humo au wakatuleta tungali mgongoni. Tukawa watu wa ajabu. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, Kiingereza cha shuleni, Kizulu cha barabarani, na Kifaransa tulikikopa kwa Wakongo kwa ajili ya matusi tu. Mchezo wa kuruka mpira sisi Wakenya tuliuita blada, Wakongo wakauita elastiki, watoto wa Kizulu wakawa na jina lao, na ugomvi wa jina ulichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe.

Tulikula, jamani. Binti yangu leo hawezi kutia kitu mdomoni kabla hajakipiga picha, na mpaka amalize kuchagua picha nzuri, chakula kimeganda. Sisi tulinunua bani, ule mkate wa Durban unaochimbwa tumbo ukajazwa mchuzi wa maharagwe, tukaula watu watatu tumeketi kwenye ngazi za ghorofa, mchuzi ukitiririka hadi viwikoni, tukigombania kile kipande cha chini kilicholowa. Tumbili wa Berea nao waliingia jikoni kwetu kama wapangaji wanaodai haki yao. Mama aliwafukuza kwa ufagio huku akiwatukana kwa Kikuyu, maana alisema Kizulu chake hakikuwa na makali ya kutosha.

Na tulitishwa. Watoto wa kwingine walitishwa na majini na mazimwi. Sisi tulitishwa na Kenya. Ukichelewa kurudi, ukileta alama mbaya, ukizungumza Kiingereza puani mbele ya wageni, jibu lilikuwa moja: "Nitakupeleka Kenya!" Maana yake haikuwa likizo kwa bibi. Maana yake ilikuwa shule ya bweni, maji baridi alfajiri, uji usio na sukari, na mwalimu wa zamu mwenye viatu visivyo na sauti. Wakongo walishindwa kuwatisha watoto wao na Kongo, kwa sababu kule kulikuwa na vita vya kweli na tishio lingepitiliza, kwa hiyo na wao waliwatisha na Kenya. Nchi yetu tukufu, yenye wimbo wa taifa na bendera, kule Durban ilikuwa ni fimbo ya kuazimana.

Baba yetu alikuwa msimamizi wa ghala kule Clairwood, malori yanakopanga foleni kusubiri mizigo ya bandarini, na kazi ile ilikuwa imemwingia kichwani. Kwake kila kitu duniani kilikuwa mzigo wenye kwao. Mzigo ukiharibika njiani haukutengenezwa, ulirudishwa ulikotoka. Alisema hivyo kuhusu friji, na alisema hivyohivyo kuhusu watoto.

Mzigo ulioharibika nyumbani kwetu ulikuwa kaka yangu Kimani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi kumi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alijibu. Ukimwambia jua limezama, atakuuliza kama umeliona kwa macho yako. Baba akisimulia mechi ambayo Kenya ilishinda zamani, Kimani atamkumbusha kwamba Kenya ilifungwa, nani alifunga, na kipa alikuwa amesimama wapi. Mama alimwita wakili. Baba alimwita majina mengine ambayo siyaandiki hapa. Lakini ukweli usemwe: nyumba yetu ilikuwa na uhai kwa sababu ya ubishi wa wale wawili. Chakula cha jioni kilikuwa mahakama, Baba akigonga meza, Kimani akileta ushahidi, na mimi nikila nyama za wote wawili wakati kesi inaendelea.

Mwaka huo alitutembelea mzee wa kanisa kutoka Nakuru, rafiki wa marehemu babu, mtu wa kofia na fimbo, aliyevaa koti la sufu katika joto la Durban na kukataa kulivua. Akasimama sebuleni, akanyoosha mkono ili watoto waje kumwamkia kwa heshima. Mimi nilikwenda. Kimani alikuwa anatazama mpira. Aliinua kidole gumba bila kugeuza shingo, akamsalimu kama vijana wa barabarani, "Sharp, mzee."

Baba alipoanza kufungua mkanda, Kimani alimweleza, kwa upole kabisa, kwamba hapa Afrika Kusini watoto wana haki zao na namba ya polisi imebandikwa ukutani shuleni. Mzee wa kanisa aliweka kikombe chini, akamtazama Baba kama mtu anayemtazama jirani ambaye nyumba yake inaungua na yeye amelala. Kabla chai haijaisha hukumu ilikuwa imetoka: Januari, shule ya bweni, Kenya.

Kimani hakuwa ameikanyaga Kenya tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Barabarani walikuwapo watu waliotuambia turudi kwetu, na tulizoea kuwajibu kwa kuongeza mwendo. Sasa maneno yaleyale yalikuwa yametoka kwenye kiti cha Baba. Kimani alibisha wiki nzima, akaleta hoja, akaleta ripoti ya shule, akamwomba Mama awe shahidi. Baba alisema tiketi ikishanunuliwa haina mjadala. Mimi niliogopa kuliko Kimani mwenyewe. Kulala naye chumba kimoja kulikuwa balaa, anaongea hata ndotoni, lakini sikujua watu hulalaje katika chumba chenye kimya.

Sasa, kila Desemba jamii yetu ilikodi ukumbi wa kanisa hapo Berea kwa sherehe ya kufunga mwaka. Kila mwaka watoto waliigiza kuzaliwa kwa Yesu, na kila mwaka mimi nilikuwa kondoo. Mwaka huo tulipata mkombozi wa aina nyingine, Mwalimu Barasa, kijana Mkenya aliyesomea historia chuo kikuu na kutufundisha Kiswahili siku za Jumamosi. Alisema amechoka na kondoo. Alitaka tuigize habari zetu wenyewe, namna watu wa Mombasa walivyomzingira Mreno ndani ya Ngome katika karne ya kumi na nane.

Alitusimulia huku akitembea kati ya viti kama jemadari. Mreno alikuwa ameshafukuzwa Mombasa mara moja, lakini akarudi na meli zake wakati wenye mji wanagombana wao kwa wao, akajifanya mwenyeji. Watu wakamvumilia, kisha wakachoka naye, wakamfungia ndani ya Ngome, wakakaa nje wakasubiri. Njaa ikafanya kazi iliyobaki. Mreno alipoona sufuria zake zimebaki tupu, aliomba amani, akapewa vyombo vya kusafiria, akaondoka zake. "Kumbukeni, watoto," Mwalimu Barasa akasema na kuinua kidole, "ngome haivunjwi na mizinga. Ngome huvunjwa na tumbo." Maneno hayo yalikuja kumtokea puani.

Watoto wote walitaka kuwa Mombasa. Hakuna aliyetaka kuwa Mreno, kwa sababu Mreno alishindwa na pia alivaa soksi ndefu. Mwalimu Barasa akaamua kwamba waliochelewa mazoezini ndio Wareno. Kimani alichelewa kwa sababu alikuwa nyumbani akibishana, kwa hiyo akawa kapteni. Askari wake wa kwanza alikuwa Dieumerci, mtoto wa mama mmoja Mkongo mwenye saluni mjini, aliyepewa Ureno kwa kuwa alijua Kifaransa na Mwalimu alisema wasikilizaji hawatagundua tofauti. Askari wa pili nilikuwa mimi, maana Mama aliniambia nisimwache Kimani peke yake hata kidogo. Amiri wa Mombasa alikuwa Neema, msichana wa Kitanzania mwenye sauti ya kuitia watu sokoni. Mama yake, Mama Neema wa Tanga, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa sherehe zetu zote, na pilau lake lilifanya watu wahudhurie kanisani kuliko mahubiri yoyote.

Ngome yenyewe ilikuwa jiko la ukumbi, na kusema kweli lilifaa. Durban kila nyumba ni ngome: ukuta mrefu, nyaya za umeme juu ya ukuta, na mbwa asiyemjua Mungu. Jiko lile lilikuwa na geti la chuma, madirisha yenye nondo kwa ajili ya wezi na tumbili, na kijidirisha cha kupitishia chakula kuelekea ukumbini, kinachotosha sahani lakini hakitoshi mtu. Mwalimu Barasa alipokiona alipiga makofi. Wakati wa mazoezi jiko lilikuwa tupu, na kila Jumamosi Kimani alichungulia pale, akaanguka magoti kwa njaa ya kuigiza, akatoa ufunguo. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyefikiri kwamba siku ya sherehe jiko lingekuwa na kazi yake ya kawaida.

Hapa niwakumbushe desturi zetu, kama mmesahau. Chakula cha sherehe kinakuwa tayari mchana na kinaliwa jua likielekea kuzama. Katikati kuna sala, kuna salamu za mwenyekiti, kuna salamu za mweka hazina ambaye hajui kusalimu kwa ufupi, halafu watu wanamsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi akifika, sala inaanza upya. Muda wote huo hakuna anayeonja. Mtoto akinusa tu anafinywa. Watu wanakuja hawajala tangu asubuhi, kwa makusudi, ili wasimwangushe Mama Neema.

Basi siku hiyo Mama Neema aliinjika masufuria yake ya pilau juu ya moto mdogo, akapanga kuku kwenye sinia, akafunga chapati kwenye vitambaa, akaifunika kachumbari, akatoka kwenda kusikiliza hotuba. Mgeni rasmi alizungumza kuhusu umoja mpaka umoja wenyewe ukachoka. Hatimaye Mwalimu Barasa akatoa ishara. Sisi Wareno watatu, tumevaa kofia za chuma za karatasi na soksi za mpira za kaka zetu, tukaingia jikoni. Kimani akafunga geti kwa ndani, akautia ufunguo mfukoni.

Harufu ilitupokea mlangoni. Nilimtazama Kimani, yeye akazitazama sufuria, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyeokota hoja aliyokuwa akiitafuta wiki nzima.

Nje, jeshi la Mombasa likatuzunguka kwa vigelegele. Neema akagonga geti kwa upanga wa mbao. "Mreno! Chakula kimekuishia! Jisalimishe!"

Kimani alitakiwa aanguke magoti. Badala yake alisogea kwenye kijidirisha akiwa na paja la kuku mkononi, akatafuna, akameza, akasema, "Hakijaisha."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa. Dieumerci akachungulia juu ya bega la kapteni wake, akathibitisha. "Kweli kabisa! Huku iko kuku, iko chapati, iko pilau mingi. Hata semaine nzima, siku saba, hatukufe!"

"Magoti, Kimani," Mwalimu Barasa alinong'ona kutoka pembeni. "Magoti!"

Kimani akavua kofia yake ya karatasi. "Nina sharti moja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida sasa, si ya Mreno tena. "Baba aseme mbele ya watu wote kwamba sipelekwi Kenya. Akisema, nafungua. Asiposema, sisi tunaendelea kula."

Kicheko kilikatika. Vichwa vyote vikageukia mstari wa mbele, alipokaa Baba na tai yake nyekundu. Watu wengi walijua habari ya "Sharp, mzee", maana Berea siri haikai hata siku mbili. Baba alikunja mikono kifuani, akatazama juu kama mtu anayesoma kitu kwenye dari.

Ndipo nilipojifunza namna watu wazima wanavyopigana vita. Mwenyekiti alisimama akaunda kamati. Kweli kabisa, aliunda kamati ya watu watano ya kuzungumza na sisi, na kamati ikaanza kwa kugombania nani awe katibu. Mchungaji akaomba tufumbe macho, akatukemea kwa sala ndefu, na alipofumbua macho Dieumerci alikuwa kwenye chapati ya tatu. Mama yake Dieumerci akaja mpaka kwenye geti, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Dieumerci! Toka humo sasa hivi! Unanipatisha haya mbele ya batu!"

"Mama, chef wa jeshi si mimi," Dieumerci akajibu, mdomo umejaa. "Ufunguo iko na Kimani."

Mlinzi wa ukumbi, mzee wa Kizulu mwenye subira, alitazama geti lile, akasema, "Eish," akajitolea kulikata kwa mashine. Mama Neema akamzuia kwa mwili wake wote. Cheche za chuma ziingie kwenye pilau lake? Heri watoto wabaki humo mpaka Pasaka. Kisha akasogea kwenye kijidirisha na kusahau kabisa kwamba sisi ni adui. "Wanangu, sufuria ya kushoto punguzeni moto, itaungua chini. Na hiyo kachumbari msiiache wazi. Mnanisikia?" Tukamwitikia, tukapunguza moto, tukafunika kachumbari. Hata Mreno alimheshimu Mama Neema.

Kwa hiyo hesabu ya Mwalimu Barasa ilikuwa imepinduka. Waliozingirwa walikuwa wameshiba, na waliozingira walikuwa wanakufa njaa. Alikaa kwenye kona ameshika kichwa, na nina hakika hakuna kitabu cha historia kilichomsaidia saa ile. Watoto wa Mombasa walianza kututupia maneno matamu. Amiri wao Neema aliweka upanga chini, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna mapaja yaliyobaki.

Kimani alifanya jambo ambalo mpaka leo naliona la kijemadari. Alipakua sahani moja, pilau, vipande viwili vya kuku, kachumbari juu, akaipitisha kwenye kijidirisha, akasema, "Hii ni ya mgeni rasmi. Mgeni hana kosa." Mgeni rasmi aliitazama sahani, akautazama umati, akaipokea, akaanza kula amesimama. Harufu ikapita juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwa wametia kitu tumboni tangu asubuhi. Hapo umoja aliouhubiri ukafa rasmi.

"Baba Kimani, sema tu!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Sema, ndugu, tuna watoto wadogo hapa!"

Baba akainuka. Akaja mpaka kwenye kijidirisha, wakawa uso kwa uso, yeye na Kimani, kama walivyozoea mezani nyumbani. Mimi nilikuwa chini ya kaunta, kando ya viatu vya Kimani.

"Fungua," Baba akasema.

"Sema kwanza."

"Mimi sipangiwi masharti na mtoto. Nahesabu mpaka tatu."

"Hesabu mpaka mia, Baba. Sisi tumeshakula."

Watu wakacheka, hata mchungaji. Baba hakucheka. Kimani akasogea karibu zaidi, na aliyoyasema baadaye hayakusikika ukumbini, nadhani tuliyasikia sisi watatu na Baba peke yetu.

"Baba, kule simjui mtu hata mmoja. Nitabishana na nani?"

Mama akaja nyuma ya Baba, akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu. "Baba Kimani," akasema, "sema."

"Sawa," Baba akasema. "Huendi."

"Kwa sauti."

"Huendi Kenya!" Baba akanguruma, na ukumbi ukalipuka kwa makofi ambayo Mombasa haijawahi kuyapata. Kimani akautoa ufunguo kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa mazoezini. Watu wakaingia jikoni kama mafuriko, Mama Neema akiwaongoza na mwiko. Kimani akabebwa juu juu. Mreno alishindwa na kushinda siku hiyohiyo.

Tulirudi nyumbani kwa gari, Baba akiendesha. Tuliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilimwona kwenye kioo anacheka kimya kimya, amebana midomo, machozi yanamtoka. Alipoona nimemwona akawa anapangusa pua. Nililala siku ile kwa amani, Kimani akibwabwaja usingizini upande wa pili, nikijua kwamba tumeshinda.

Januari ikaja, na tiketi ikaja nayo.

"Uliahidi mbele ya watu," Kimani akasema.

"Mwenye njaa hana miiko," Baba akajibu. "Nilikuwa sijala tangu asubuhi."

Jibu lile lilisambaa Berea nzima kwa vicheko. Mpaka leo wazee wetu wakikutana kwenye mazishi bado wanalirudia na kugonganisha viganja. Mama hakucheka. Alipakia sanduku la Kimani bila kuimba, na Mama alikuwa mtu wa kuimba. Kimani alibisha njia yote mpaka uwanja wa ndege. Alisema mkataba ni mkataba. Alisema Mombasa walimpa Mreno ahadi na wakaitimiza, na wao walikuwa vitani, sembuse baba na mwanawe. Hoja zake zilikuwa nzuri sana siku ile, nadhani hakuwahi kuwa na nzuri zaidi. Tulipofika kwenye foleni, Baba akamwambia, "Siku moja utanishukuru." Kimani akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akachukua mkoba wake akaenda.

Alirudi baada ya miaka minne, mrefu, kichwa kimenyolewa, anaamka alfajiri bila kuitwa na kutandika kitanda kama cha hospitali. Mkubwa akiingia, anasimama. Akiambiwa jambo, anasema, "Ndiyo, Baba." Akiulizwa habari za shule, anasema zilikuwa nzuri. Baba alitamba naye kanisani Jumapili ya kwanza, akamsimamisha atoe salamu, na Kimani akazitoa kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka Mama Neema akapiga kigelegele. Wazazi wengine walimfuata Baba nje kumwuliza jina la shule. Mimi nilimsubiri abishe. Nilimwambia uongo makusudi, nikamwambia kwamba bani ni chakula cha Kihindi kutoka Nairobi. Akatabasamu, akasema inawezekana.

Baada ya miezi michache Baba naye akaanza kumchokoza. Mezani alisema Kenya ilishinda mechi ile ya zamani. "Ndiyo, Baba." Akasema ilishinda kwa mabao matano. "Ndiyo, Baba." Akasema yeye mwenyewe alicheza. Nyama yangu ilikaa kwenye sahani yangu, nzima, nami sikuwa na hamu nayo.

Miaka imekwenda. Mimi nina nyumba yangu mtaa wa tatu kutoka kwa wazazi, na binti yangu Zawadi ana miaka kumi na miwili. Vijana wa siku hizi hata kuzingirwa hawazingiriki. Ukimfungia Zawadi chumbani ataagiza chakula kwa simu, na kijana wa pikipiki atapita katikati ya majeshi mawili akiuliza ni ya nani. Anazingira miji yeye mwenyewe, kwenye michezo ya simu, amelala chali, miguu ukutani. Juzi alinijibu vibaya, nami mdomo wangu ukafunguka ukatoa sauti ya Mama: "Nitakupeleka Kenya!" Bila kuinua macho akasema, "Sharp, Mama. Niombee kiti cha dirishani." Baba alikuwa ameketi pale na kikombe chake. Alinigeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa mdogo. "Usimwambie hivyo," akasema. "Hata kwa mzaha."

Kimani ni mhasibu, anakaa ng'ambo ya mji, na kila Jumapili anakuja kula kwa wazazi. Hakosi. Analeta matunda, anamuuliza Baba habari za magoti yake, anamsifu Mama kwa mchuzi. Mtu akimwona atasema Baba amebarikiwa, na hatakuwa amekosea. Enzi zetu wazazi walikesha wakiomba wapate mtoto wa namna hiyo. Siku hizi namwona Baba, mzee sasa, tai nyekundu imebaki kabatini, anavyomvizia mwanawe mezani kama watu wa Mombasa walivyomvizia Mreno, akitafuta tundu la kuingilia.

Jumapili iliyopita alitumia mzinga wake mkubwa kuliko yote. Aliweka kijiko chini, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza habari, "Mimi nimechunguza. Mreno hajawahi kufika Mombasa."

Mama akaacha kutafuna. Mimi nikamtazama kaka yangu. Nikasema moyoni, sasa, Kimani, tafadhali.

Kimani akamsogezea chumvi. "Ndiyo, Baba," akasema.

"Babu, huo ni uongo kabisa!" Zawadi akaruka, simu ikaanguka chini. "Kuna ngome pale! Niliiona kwenye picha! Wewe unadhani nani aliijenga, tumbili?" Baba akamgeukia, macho yakimng'aa, akamwambia alete ushahidi, na wakazozana mpaka chai ikapoa, Baba akigonga meza kwa kiganja kama zamani. Kimani aliwasikiliza akitabasamu kwa adabu. Akakusanya sahani, akaziosha, akaaga kila mmoja kwa jina lake, akavuta mlango polepole ili usigonge.

Baba alibaki akiutazama ule mlango.

"Nilitaka anyamaze kidogo tu," akasema. "Siku mojamoja. Wageni wakija."